Kapu Lililorudi Tupu

Minago, 16 Aprili 2025

Mdogo wangu Karimu,

Assalaam aleikum wewe, wifi yangu Sumaya na wanangu wote hapo Kigoma. Sisi huku tu wazima. Goti langu huuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haitaki kuondoka, basi goti nalo limekaa kama mgeni asiyeaga. Binti yangu Asma ametulia kwa mumewe huko Muhuta na tumbo limeshakuwa kubwa. Inshallah utaitwa babu kabla mvi hazijakujaa. Simu yako kila nikiipiga haipatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua hii atakuletea Cikuru, mchuuzi wetu anayevusha mawese mpakani kuja huko kwenu.

Cikuru huyo huyo ndiye aliyenirudishia kapu langu.

Karimu, sikukuu ya Idi nilikuletea kapu limejaa: unga wa muhogo, ndagala wa ziwani waliokauka vizuri, chupa ya mawese, na juu yake kitambaa nilichokitarizi kwa mkono wangu. Limerudi tupu. Kitambaa kimekunjwa, kimelazwa ndani, na chini yake hakuna kitu. Hakuna hata ndimu moja. Marehemu mama akikosa kabisa cha kuweka kwenye kapu la jirani alikuwa anachuma majani ya muhogo nyuma ya nyumba, na kapu linarudi na heshima yake. Mama huyo huyo ndiye aliyekulea. Unajua vizuri kwamba kwetu kapu tupu ni neno, na neno lenyewe si la kumwambia dada aliyekubeba mgongoni. Mtu humrudishia kapu tupu mtu aliyemalizana naye.

Nilijiuliza siku nyingi nimekukosea nini. Juzi nikapata jibu. Hamidu, mnunuzi wa mawese, alikuja na utepe wa kupimia, akapima chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba, na akaniambia bila haya:

"Mama Asma, mimi na Karimu tulishaelewana. Hii nyumba itakuwa depo ya mafuta. Mwezi wa saba nataka ikuwe wazi."

Nikamwambia asisahau kupima na mlango, maana ndio atakaotokea.

Wewe hujaja Minago tangu ziwa lilipopanda, kwa hiyo nikueleze unachotaka kuuza. Maji yalikula nyumba zote za chini, pamoja na yangu. Mimi nikahamia vyumba vya nyuma vya nyumba ya baba, na chumba cha mbele tukakifanya stoo ya chakula ya mtaa mzima. Mimi ndiye kiongozi wake. Silipwi, na anayetaka kunilipa nitamgombeza. Usiku wa giza wavuvi wanapata, kila mtumbwi unaleta bakuli la ndagala. Wenye mashamba wanaleta muhogo, maharage, mawese. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki, mitumbwi inalala mchangani, na hapo ndipo watu wanakula stoo.

Sheria yetu alituletea Speciosa, mkulima mwenzangu aliyerudi kutoka makambi ya wakimbizi huko Tanzania. Siku ya kwanza tulitaka kuwapanga watu foleni, akakataa kata kata. "Kule kambini tulikuwa tunashika mulongo na sahani wazi," akasema, "kila mutu anaona njaa yako. Hapa sitaki." Basi kwetu kila mtu anakuja na kapu lililofunikwa, anaingia ndani peke yake, na anatoka na kapu lililofunikwa. Aliye nacho anajaza pipa. Asiye nacho anaacha hata vijiti viwili vya kuni, halafu anachukua. Aliyesimama barabarani hawezi kujua nani ameleta na nani amechukua. Haliingii tupu, halitoki tupu.

Makapu mengi yamepita mikononi mwangu, na lililokuja tupu ni moja tu. Limetoka kwa ndugu yangu.

Nijibu. Na usimtume Hamidu kunijibu.

Dada yako,
Kulthumu

*

Kigoma, 9 Mei 2025

Dada Kulthumu,

Aleikum salaam. Sisi huku tumeshiba, alhamdulillahi, na watoto wanasoma. Sumaya anakusalimu sana. Pole kwa goti, jaribu kulikanda kwa maji ya moto na chumvi. Mpe hongera Asma.

Simu yangu iliingia maji, nitaishughulikia. Habari ya kapu naona umeikuza, dada. Ni kusahau tu. Mtu anaweza kusahau.

Ya nyumba ni kweli. Nimempa Hamidu neno langu. Wewe unajua mirathi inavyosema: mimi sehemu mbili, wewe moja. Yako utaipata kamili, sina nia ya kumdhulumu dada yangu. Lakini nyumba kukaa bila faida kwa ajili ya watu ambao hata si ukoo wetu, hilo silielewi. Huwezi kuilisha Minago nzima. Watu wanakula kwako halafu wanakucheka njiani.

Na hiyo sheria yenu ya kufunika makapu nayo ina maswali. Kama kila kitu kimefunikwa, mnamjuaje asiye nacho? Si atakuja mwongo mwenye maghala yake akale cha bure?

Usiwe mkaidi. Nyumba iwe wazi mwezi wa saba, kama Hamidu alivyosema.

Mdogo wako,
Karimu

*

Minago, 23 Mei 2025

Karimu,

Amahoro. Wote wazima. Goti nimelikanda, murakoze, asante kwa udaktari wako. Speciosa amevuna muhogo mwingi kiasi kwamba tumeuanika mpaka juu ya paa la choo, na anasema salamu zako hazijafika kwake, kwa hiyo na yeye hakusalimii.

Barua yako nimeisoma nikaicheka, halafu nikaisoma tena na kicheko kikaisha.

Umenikumbusha mirathi. Vizuri. Mimi si mtu wa kubishana na Kitabu. Una sehemu mbili na mimi nina moja, nakubali mbele ya mashahidi. Lakini hakuna mahali palipoandikwa ni sehemu ipi. Basi mimi mkubwa nachagua kwanza. Chukua zako mbili: ukuta na paa. Mimi nimechukua mlango. Hamidu akitaka kuingia kwa kupitia kwenye ukuta wako, ruksa.

Unasema watu wa stoo si ukoo wetu. Babu yetu alipotoka Kongo na kushuka kwenye ufuko huu, ukoo wake ulikuwa nani? Alipewa muhogo na mtu ambaye hata lugha yake hakuijua. Sisi tusingekuwepo wa kugombania nyumba kama mtu yule angeuliza kwanza ukoo.

Wahenga hawakukosea, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe unakaa kwenye sebule yenye mapazia ya buluu, yale uliyojivunia mpaka ukanitumia picha yake mara mbili, unaniandikia habari za faida. Hujui mtoto akilala na njaa analia kwa sauti ipi. Mimi naijua. Naweza kuitambua kutoka upande wa pili wa barabara.

Kuhusu swali lako la waongo, sina muda nalo. Akija mwongo akala, ameshiba mwongo. Stoo haijafa.

Hamidu alirudi wiki iliyopita. Alisimama mlangoni, mlango wangu, akasema neno umeshatoa na neno la mwanaume halirudi nyuma. Nikamwambia neno la mwanaume likiwa limetolewa kwenye nyumba ya watu, linaweza kurudi nyuma, mbele, na hata likavuka barabara. Wanawake waliokuwa wanapepeta maharage wakacheka sana. Aliondoka na hasira, na mimi nikapata usingizi mzuri.

Sihami. Kama unataka nitoke, njoo mwenyewe unibebe, kama nilivyokubeba.

Kulthumu

*

Kigoma, 20 Juni 2025

Dada,

Aleikum salaam. Sisi tumeshiba, usiwe na wasiwasi. Idi ya kuchinja ilipita salama. Barua hii ni fupi kwa sababu Cikuru ana haraka, hata chai amekataa.

Matusi yako nimeyapokea. Ya mlango yalimchekesha Sumaya, mimi hayakunichekesha.

Dada, nyumba lazima iuzwe. Usiniulize sababu. Nimekuwa nikikutumia vitu miaka yote bila wewe kuniuliza navitoa wapi, basi na sasa usiniulize. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tulipomzika baba.

Swali langu hukunijibu. Nauliza tena, na safari hii sikejeli. Mtu asiyesema kitu, ambaye anakuja na kapu lake limefunikwa kama wengine wote, mnamjuaje kwamba hana?

Karimu

*

Minago, 13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Asma amejifungua mtoto wa kike, mweusi, mzuri, mwenye sauti ya kuuza samaki. Wote wawili wazima. Nilikwenda Muhuta kumkanda nikarudi haraka, maana mwezi umejaa na stoo haiwezi kukaa bila mimi. Mitumbwi imelala. Tangu asubuhi makapu yanaingia na kutoka.

Nianze na Hamidu, kwa sababu siku uliyompa imefika na yeye hakuisahau. Alikuja na pikipiki zimebeba mapipa. Sisi tulikuwa tumekwishaketi kwenye kizingiti, mimi, Speciosa na akina mama wengine, makapu yetu magotini. Hatukumtukana. Tulikaa tu, na mlango haukuonekana.

"Muondoke," akasema. "Munalisha wavivu hapa! Nitajieni jina ya mutu mumoja tu, mumoja, mwenye angekufa bila hii stoo. Nitajieni, mimi nageuza pikipiki."

Karimu, jina nilikuwa nalo. Lipo jina la mtu anayelala chini ya paa la Hamidu mwenyewe, anayekuja kwetu mwezi ukijaa, na kapu lake limefunikwa vizuri. Ningelitaja, angeinamisha kichwa na asingekanyaga tena Minago. Nyumba ingebaki salama hapo hapo. Lilinifika kwenye ulimi. Speciosa aliniangalia, naye analijua. Nikalimeza. Stoo ikianza kutaja majina, hata ikibaki na kuta zake itakuwa imekufa.

Speciosa ndiye aliyemjibu. "Papa Hamidu, hapa hakuna mutu anaingia mikono mitupu. Wewe kapu yako iko wapi?"

Watu walikuwa wamejaa barabarani, wenye baiskeli wamesimama kuangalia. Hamidu akatema mate pembeni, akawaambia vijana wa pikipiki wageuze. Amesema atarudi na barua yako yenye sahihi. Nimemwambia tutamsubiri hapo hapo.

Sasa nikujibu swali lako, kwa kuwa umeuliza mara mbili, na mara ya pili umeuliza kama mtu. Ni kazi yangu na naijua. Mwenye njaa hafuniki kapu kwa kitambaa chakavu. Anafunika kwa kizuri kuliko vyote alivyonavyo, kile cha harusi, ili usidhani. Mwenye akiba anafunika na chochote, hata jani la mgomba. Mwenye njaa hakai kunywa chai na sisi uani, anaogopa mkono wake utakwenda haraka kwenye muhogo. Na kubwa kuliko yote, anakuambia ameshiba kabla hujamwuliza. Unamwambia amahoro, anakujibu, "Tulikula, Mama Asma, tulikula sana." Mtu aliyeshiba kweli anakupa habari za mvua.

Hapa niliiweka kalamu, Karimu. Nikaenda kuzitoa barua zako zote mbili.

Katika kila moja, salamu haijapoa, umeniambia mmeshiba. Mimi sikukuuliza. Simu imeingia maji na haikauki. Cikuru, anayeongea hata usingizini, nikimwuliza habari zako anainama kukaza kamba za viatu, na amevaa ndara. Chai ya nyumbani kwako ameikataa, yeye ambaye hajawahi kukataa chai. Na lile kapu la Idi, na kitambaa kimekunjwa vizuri.

Mimi ninayesoma makapu ya Minago yote, la ndugu yangu nimelisoma vibaya. Nilidhani umenitukana, kumbe hukuwa na cha kuweka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu nikakasirika. Nimejikasirikia mimi, na wewe nimekukasirikia zaidi, na kiburi chako hicho. Wanao wanalala vipi, wewe unaniandikia habari za kukanda goti?

Nimelia pia. Speciosa ameniona, kwa hiyo siwezi kukataa.

Sasa nisikilize. Nyumba haiuzwi. Jana haikuuzwa kwa sababu ya Minago, leo haiuzwi kwa sababu yako. Ukimpa Hamidu nyumba, utakula pesa zake kidogo halafu zitaisha, na hapo hutakuwa na nyumba wala stoo. Usiniletee habari za aibu. Wavuvi wakubwa wa hapa, wenye sauti za kuamrisha, mwezi ukijaa wanakuja na vikapu vyao kama wengine, na usiku wa giza wanarudisha. Kuna njaa ya mwezi mmoja na kuna njaa ya mwaka. Zote zinapita kwenye mlango ule ule.

Cikuru amebeba kapu. Wala usinishukuru. Hilo la Idi lilikuwa la dada. Hili ni la stoo, na la stoo halina maswali. Litakuja kila mwezi ukijaa. Speciosa ameufunga unga mwenyewe, na anasema sasa anakusalimu.

Sheria unaijua. Halirudi tupu. Weka majani, weka jiwe la ziwani, weka chochote. Ukilirudisha tupu mara ya pili, wallahi navuka mpaka na goti hili hili nije kukuchapa mbele ya watoto wako.

Dada yako,
Kulthumu

*

Kigoma, 11 Agosti 2025

Dada Kulthumu,

Aleikum salaam.

Kapu lilifika. Sumaya alilipokea mlangoni, akalifunua, akalifunika tena, akaja kukaa mbele yangu. Barua yako aliisoma yeye kwanza. Alilia, halafu alipofika kwenye ndara za Cikuru akacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Nitakuambia mara moja na usinirudishe hapo. Mwezi wa pili upepo mbaya ulitukuta ziwani tukivua. Tulitoka wote hai. Boti yangu ilipasuka, mashine ikazama na nyavu nazo. Simu niliiuza. Baada ya simu, vingine. Nilisema nitajiinua kabla hujajua, na kila nikiinuka nakaa tena.

Siku Cikuru alipokuja kuchukua kapu la Idi, Sumaya alishachuma majani ya muhogo ayaweke, kama mama. Mimi nikamzuia. Nilisema majani matupu dada atayaelewa palepale. Kapu tupu hataelewa, atakasirika tu. Nikachagua ukasirike. Sumaya aliniambia mimi ni mpumbavu, na amekuwa akinikumbusha tangu wakati huo.

Hamidu nimempelekea neno kwa mdomo wa Cikuru, mbele ya watu, kwamba neno langu nimelirudisha. Atanitukana na anayo haki. Barua yenye sahihi hatapata. Kama ni ngumu kwake, na aje na kapu, milango yenu iko wazi.

Ya mirathi nimekubali. Mlango ni wako. Ukuta na paa ni vyangu, na ninaviacha vikae hapo hapo vilipo, vikushikie mlango.

Sasa kapu. Fungua. Utakuta vitambaa vya buluu, vyote saizi moja, vimepindwa pembe zote. Ni yale mapazia. Sumaya ameyakata na kuyashona kwa mkono. Vigawe, kila kapu la stoo lipate kimoja, la mwenye nacho na la asiye nacho. Wewe umesema mwenye njaa unamjua kwa kitambaa chake cha harusi. Haya, vyote sasa ni sawa. Tuone na wewe utamjua vipi, mama wa kusoma makapu. Na kile kilichofunika juu ni cha kapu letu sisi.

Dirisha limebaki wazi. Jirani akipita anaona mpaka jikoni, sufuria na yote. Waone.

Naona nimeruka habari za nyumbani. Watoto wazima. Sumaya mzima. Babu mpya namsalimu mjukuu, hiyo sauti yake aitunze. Na sisi huku hatujashiba, alhamdulillahi. Mwezi ukijaa, leteni kapu.

Mdogo wako,
Karimu